Jinsi ya Kupanga Jaribio la Kisayansi: Maji ya Moto na ya Baridi, Yapi Yanaganda Kwanza?

Habari zenu wanafunzi, karibuni. Leo tunapanga jaribio moja tangu swali hadi grafu. Hapa mezani nina vikombe viwili vya stili vinavyolingana, kipimajoto, bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia maji, kipande cha foamu, daftari, na simu kwa ajili ya saa yake. Friza iko pale nyuma.

Swali letu limetoka Lushoto. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akingoja maziwa yake yapoe ataikosa, akayaingiza yakiwa ya moto. Mwenzake aliweka ya kwake bila hata kuyachemsha. Baada ya kama saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni majimaji mazito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganya mambo, haliwezekani hilo.

Hakuliacha. Baadaye akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, alifika mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, na Mpemba akasimama kuuliza. Sikilizeni alivyouliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?

Hatua ya kwanza ndiyo hiyo: swali. Ndani ya swali la Mpemba jaribio zima limeshapangwa. Vyombo vinafanana, ujazo ni sawa, halijoto ya kuanzia imetajwa kwa namba. Osborne aliporudi Dar es Salaam hakuhitaji kubahatisha nini kipimwe. Kwa hiyo ukiandika swali lako, msomee mwenzako ambaye hajui unachofanya. Akikuuliza "maji kiasi gani?" au "ya moto kiasi gani?", rudi ukaliandike upya.

Sasa andika dhanio, yaani jibu unalolitarajia kabla ya kupima. La kwangu nimeliandika hivi: maji yanayoanza na nyuzi 90 yataanza kuganda mapema kuliko yanayoanza na nyuzi 35. Ninatumia 90 badala ya 100 kwa sababu mlioko Lushoto, Mbeya au Njombe maji yenu yanachemka kabla ya kufika 100, na nataka sote tufanye jaribio moja. Dhanio zuri ni lile ambalo matokeo yanaweza kulikataa. "Maji ya moto yana tabia ya pekee" hakuna kipimo kitakachoweza kuikataa, kwa hiyo haitusaidii.

Chora mistari miwili kwenye ukurasa upate sehemu tatu. Ya kwanza ni kitu kimoja unachokibadilisha: halijoto ya kuanzia. Ya pili ni kitu unachokipima: muda hadi kuganda. Ya tatu ni vyote vinavyobaki vilevile, na hii ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Anza na maji yenyewe. Ukichota ya bombani kwa kikombe baridi na ukachemsha ya kikombe moto tu, umebadilisha vitu viwili, kwa sababu kuchemsha kunatoa hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Chemsha yote kwenye sufuria moja, kisha acha nusu ipoe hadi nyuzi 35. Wadogo mliopo, jikoni awepo mtu mzima.

Ujazo: pima mililita 70 maji yakiwa yameshafika halijoto unayoitaka, muda mfupi kabla ya kuingiza. Ukipima kabla ya kuchemsha, mengine yatapotea kwa mvuke na kikombe cha moto kitakuwa na maji pungufu.

Sasa tazameni friza yangu kwa karibu. Mnaiona ile barafu nyembamba kwenye sakafu yake? Kikombe cha moto kikiwekwa juu yake kinaiyeyusha, kinazama kidogo na kugusana vizuri na sehemu ya baridi. Cha baridi kinakaa juu ya barafu ambayo inazuia joto lisitoke upesi. Hapo utakuwa unapima sakafu ya friza. Ndiyo maana ya foamu: kila kikombe kinakaa juu ya kipande chake. Osborne na Mpemba nao waliweka vyombo vyao juu ya foamu.

Kisha amua, kabla hujafunga mlango wa friza, kuganda ni nini. Ni kipimajoto kusoma sifuri? Ni barafu ya kwanza kuonekana? Au ni kikombe kizima kuwa kigumu? Hayo ni majibu matatu tofauti, na yanaweza kukupa washindi tofauti. Maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri yakabaki maji kwa muda. Mimi nachagua barafu ya kwanza kuonekana, na nimeiandika juu ya ukurasa kwa wino. Ukisubiri uone kwanza ndipo uchague, utachagua inayolipendelea dhanio lako, hata kama wewe ni mtu mkweli.

Ingiza. Ukiweka vikombe vyote kwa pamoja, cha moto kinaipasha joto friza na jirani yake anaathirika. Kama una muda, pima kimoja kimoja, mahali palepale, friza ikiwa imetulia. Kama huna, vitenganishe, na kila unaporudia vibadilishane nafasi. Fungua mlango kila baada ya dakika 10, haraka, kwa vikombe vyote sawasawa.

Rudia angalau mara tano kwa kila halijoto. Andika kila kitu: saa, halijoto, umeme ulipokatika, mdogo wako alipofungua friza kutafuta barafu. Namba isiyokupendeza usiifute. Ipige mstari mmoja ili bado isomeke, andika kando kilichotokea.

Ukimaliza, ongeza halijoto nyingine: 25, 50, 70. Chora grafu, halijoto ya kuanzia mhimili wa chini, muda mhimili wa wima, kila kipimo kikiwa na nukta yake. Osborne na Mpemba walipochapisha makala yao mwaka 1969, maji yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanza karibu na nyuzi 25.

Na ya kwako yakitoka tofauti? Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walilipima upya swali la Mpemba. Wao walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, na hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja hivi juu au chini kunatosha kukupa matokeo yanayofanana na ya Mpemba, kwa sababu maji ya juu na ya chini ya kikombe kimoja hayana joto sawa. Kwa hiyo mnaotumia kipimajoto, kifungeni kwenye kijiti kilichokaa juu ya kikombe, ncha yake iwe katika kina kilekile kila mara, na kina hicho mkiandike. Bado wanasayansi hawajakubaliana kuhusu jambo hili, na daftari la kidato cha pili lililoandikwa vizuri lina haki ya kusomwa katika mjadala huo.

Kwa jaribio la pili, chukueni vikombe viwili vyenye maji ya nyuzi 90, kimoja mkidondoshee mafuta ya kupikia hadi yafunike uso wote wa maji. Mengine yote yabaki kama yalivyo. Osborne alifanya hivyo akaona maji yenye mafuta yanachelewa sana kupoa. Andikeni dhanio lenu kwanza: joto linatoka kwenye kikombe kupitia wapi zaidi, juu, ubavuni au chini? Kisha washeni saa.