Ramani za safari ya baiskeli: soma mlima kabla hujaupanda

Habari zenu huko nyumbani, ndugu zangu. Leo ni ramani tu, kwa yeyote anayepanga kuzunguka nchi ya watu kwa baiskeli.

Anza na karatasi, simu baadaye, maana kioo kidogo hakikuonyeshi eneo zima. Tazama skeli kwanza. Kwenye 1:200,000 sentimita moja ni kilomita mbili; hiyo ni ya kuchagulia eneo. Ya kuendeshea ni 1:100,000, ambapo siku ya kilomita 70 inachukua sentimita 70 za karatasi. 1:50,000 ni tamu kweli, lakini siku hiyohiyo inakula mita 1.4, na kwa wiki mbili utakuwa umebeba rundo.

Sasa milima. Ramani nyingi huweka vishale kwenye barabara zenye mwinuko, na vishale hivyo havina maana moja kila mahali. Kwa ramani za Michelin za Ufaransa, kishale kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya 13. Kwenye ramani za Ordnance Survey za Uingereza kimoja kinaanzia asilimia 14, na viwili ni zaidi ya 20. Aliyezoea za Ufaransa akiona kishale kimoja Uingereza atadhani ni kilima kidogo, kumbe atashuka asukume. Jamani, someni ufunguo wa ramani!

Pasipo na vishale, chukua rula. Kwenye ramani ya Ordnance Survey ya 1:50,000, kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, hupishana mita 10 za kimo. Barabara ikivuka nafasi tano za kontua ndani ya sentimita moja, unapanda mita 50 katika mita 500. Hiyo ni asilimia 10, na mizigo juu yake.

Uholanzi mambo ni mepesi: makutano ya njia za baiskeli yana namba, unaandika namba zako kwenye kikaratasi na kufuata vibao.

Kwenye simu, ramani ya CyclOSM inaonyesha njia za baiskeli juu ya data ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Programu ya BRouter inakuchorea njia bure. Kagua kila kipande kama ni lami au changarawe. Ukihifadhi faili la GPX, yaani faili la njia unalopakia kwenye kifaa cha GPS, chagua mstari uliokwisha kuchorwa, si vituo vitupu, kwa sababu kifaa kikipewa vituo hujipangia njia chenyewe na kinaweza kukutupa barabara kuu.

Grafu ya mwinuko ikichora kilele kikali ghafla, angalia kama hapo pana handaki: programu huenda inapima mlima ulio juu yake. Norwe mahandaki mengi hayaruhusu baiskeli, kwa hiyo tafuta njia ya kuzunguka mapema.

Mwisho pakua ramani kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu, zima data na Wi-Fi, kisha vuta karibu kijiji cha siku ya tatu. Majina ya mitaa yasipotokea, hujapakua eneo hilo.