Namba Moja Tu: 2,147,483,647

Walimu wenzangu, wanafunzi, shikamooni na marahaba. Nimelisema hili Mbale, nikalisema Gulu, na leo watu wa Jinja hamponi. Andikeni: 2,147,483,647. Kampala ukiitaja, mtu anadhani ni bei ya kiwanja Kololo. Ni 2 kwa kipeo cha 31, kisha ukatoa 1. Swali langu ni lile lile: ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe?

Naona mikono inaingia mifukoni. Rudisheni simu! Ugomvi wangu ndio huo. Simu itakwambia "ndiyo", nawe utabaki ulivyokuwa. Mwanahisabati Leonhard Euler alilijibu mwaka 1772, macho yakiwa yamekaribia kupofuka kabisa. Alifanyaje?

Mtu wa papara angegawa kwa kila namba tasa mpaka kipeuo cha pili cha namba yetu, yaani 46,340 na ushei. Hizo zinapita 4,700. Lakini Mfaransa Fermat, mwanahisabati wa kabla yake, alikuwa ameshaonyesha njia: kipeo kikiwa tasa, kila kigawo tasa cha namba ya aina hii, ukikigawa kwa kipeo mara mbili, kinabakisha 1. Hamniamini? Mchukueni mdogo wake, kipeo 11. Tunapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kipeo mara mbili ni 22. Gawa 23 kwa 22, inabaki 1. Gawa 89 kwa 22, inabaki 1. Mama wa pale nyuma ameshatabasamu, wengine bado.

Sasa 31 mara mbili ni 62. Ongeza sharti la pili, kwamba kigawo tasa kikigawiwa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Yaunganishe: zinapona zile tu zinazobakisha 1 au 63 zikigawiwa kwa 248. Chini ya 46,340 ziko 373, na nyingi zinajiondoa zenyewe: 63 ni 9 mara 7, 249 ni 3 mara 83. Zilizobaki mzee Euler aligawa. Hakuna hata moja iliyoingia. Tasa!

"Mwalimu, hiyo italeta posho?" Nilijua utauliza. Tasa hii inazaa: izidishe kwa 2 kwa kipeo cha 30, upate namba kamilifu, sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba kubwa kuliko hiyo haitapatikana, kwa kuwa hazina faida, nani ahangaike? Mwaka 1876 Mfaransa Lucas akahangaika, akathibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1, nayo ni tasa. Habari yake ndefu, naiacha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, la faida ni hili, haraka: kompyuta za zamani za biti 32 zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na mwisho wa kuhesabu kwao ndiyo namba yetu. Itafika tarehe 19 Januari 2038, hapa kwetu saa 12 na dakika 14 asubuhi. Ambazo hazijarekebishwa, hesabu ikijaa itageuka hasi, nazo zitaamka Desemba 1901. Wakati huo hata hiyo simu yako, kijana, haijaota.