Saa ya Ripoti Ianze Wapi?

Ndugu zangu, hili nalisema kila ninapopewa kipaza sauti, na leo mtalisikia tena: dashibodi zetu za radiolojia, zile skrini za takwimu za kazi ya kupiga na kusoma picha za wagonjwa, zinapima muda wa ofisi na kuuacha muda wa mgonjwa.

DICOM, kanuni sanifu za faili za picha za tiba, na HL7, zile za kupashana taarifa kati ya mifumo ya hospitali, mnazijua, sizirudii. Tazameni ile namba kubwa juu ya skrini: muda wa ripoti. Unahesabiwa tangu lini? Mara nyingi ni tangu mpiga picha abonyeze "uchunguzi umekamilika" hadi daktari wa radiolojia atie sahihi. Sasa aje mgonjwa wa kiharusi. Daktari wa dharura ameagiza CT ya kichwa. Mgonjwa anasubiri mtu wa kumsukuma, anasubiri mashine, anapigwa picha, halafu mpiga picha anaitwa chumba cha pili kabla hajabonyeza. Muda wote huo saa imelala! Kisha ripoti inasomwa upesi, inatiwa sahihi, skrini inawaka kijani. Daktari aliyeagiza ameiona? Skrini haisemi, maana saa yake imeshasimama. Mwaka 2006 Jeffrey Saver, daktari wa neva wa Marekani, alikadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba bila tiba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Hazingojei kitufe cha mtu.

Mtaniambia, "Mambo ya kusukuma kitanda hayatuhusu." Yanamhusu mgonjwa yule yule mnayemsomea picha. Na taarifa zipo! Saa ya agizo imo kwenye RIS, mfumo wa kompyuta wa idara ya radiolojia; saa ya kupigwa picha imo ndani ya faili lenyewe la DICOM. Onyesheni kila kipande cha muda peke yake, ijulikane foleni imekwama wapi, na kipande cha mwisho kifungwe pale tu aliyeagiza anapokiri kupokea.

Mwingine atasema wastani wake ni mzuri. Wastani! Eksirei mia za kifua zilizosomwa chapuchapu zinatosha kuficha CT moja iliyosahaulika tangu asubuhi. Mimi nionyesheni ile iliyokaa kuliko zote.

Naona naonyeshwa saa. Basi alama ya "haraka", inayobandikwa kila agizo hadi haimshtui mtu, tutaizungumza kwenye maswali. Ila orodha ya nani kasoma ripoti nyingi zaidi leo, inayowafanya watu wachague picha nyepesi na kuwaachia wenzao MRI ngumu, hiyo iondoeni kwenye skrini kabisa.