Nakala Ipo, Lakini Iko Wapi?

Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, Kigoma Mjini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mnatunza kompyuta za zahanati, shule na vyama vya ushirika, kwa hiyo sina haja ya kuwashawishi kuhusu nakala rudufu. Leo tuzungumzie katalogi, yaani hifadhidata inayokumbuka faili gani ilinakiliwa lini na nakala yake iko kwenye diski au tepu ipi. Kabati linaweza kujaa diski, lakini kama katalogi ni mbovu, kutafuta faili moja kutakula siku nzima.

Mara nyingi nakuta jedwali moja lililobebeshwa kila kitu: jina la faili, folda, tarehe na namba ya diski. Linakwenda vizuri mpaka siku mnapohamishia nakala kwenye diski kubwa zaidi, ndipo mnalazimika kurekebisha mamilioni ya mistari. Hapa bandarini, mzigo ukishushwa kwenye behewa na kupakiwa melini kwenda Bujumbura, namba yake haibadiliki. Kinachobadilika ni mahali ulipo. Basi faili ziwe na jedwali lake, kazi za kunakili lake, diski na tepu lake, na jedwali jembamba liunganishe kazi na diski au tepu iliyotumika. Bacula, programu huria iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000, imejengwa hivyo: jedwali la JobMedia ndilo linaloonyesha kazi fulani imeanzia na kuishia wapi kwenye tepu.

Njia za folda, yaani maandishi yanayoonyesha faili iko ndani ya folda zipi, nazo zitengewe jedwali. Njia ya herufi 80, ikirudiwa kwa faili milioni 1, inakula megabaiti 80 kila usiku bila faida yoyote.

Jambo linaloniumiza zaidi ni faili iliyofutwa. Tuseme karani wa ushirika anafuta madeni.xlsx Jumanne, kwa kuwa wakulima wote wameshalipa. Nakala kamili ya Jumapili bado inayo. Nakala ya Jumatano imechukua yaliyobadilika tu, haisemi lolote kuhusu kilichoondoka. Alhamisi seva inakufa. Mnarejesha, na madeni yanafufuka. Mtu aliyekwisha kulipa anadaiwa tena! Kwa hiyo kufutwa nako kuandikwe kama tukio, kwa tarehe yake. Bacula ikiwekwa kwenye hali ya Accurate huiandika faili iliyofutwa kwa FileIndex 0, yaani namba ya faili iwe sifuri, na wakati wa kurejesha huiruka.

Kuhusu sifa za faili, msiongeze safuwima kwa kila mfumo mpya. Zile mnazotafutia, kama ukubwa na tarehe ya kubadilishwa, zipewe safuwima zake. Ruhusa za Windows na mengineyo yakae pamoja kwenye safuwima moja ya jsonb, aina inayopokea data za maumbo tofauti, ambayo PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, inayo tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014. Pia wekeni namba ya toleo la muundo ndani ya hifadhidata yenyewe, ili programu ijue inasoma katalogi ya zamani au mpya.

Katalogi nayo inakiliwe, tena iwe ya mwisho, kazi nyingine zote zikishamalizika. Na kila tepu au diski ibebe maelezo ya kutosha kuhusu kilichomo, ili katalogi ikipotea kabisa iweze kujengwa upya. Kwenye Bacula kazi hiyo hufanywa na bscan, programu ndogo inayosoma tepu au diski zenyewe. Baada ya chai tutaifuta katalogi ya mashine hii ya mazoezi, kisha kila kundi litaijenga upya kutoka kwenye diski.