Mnaotaka niwatumie robota la mitumba, liangalieni hili koti

Haya, mambo zenu. Wakubwa wote, shikamooni. Leo sijapaka hata poda, niko uani kwa mama hapa Pasua, Moshi, na huyo jogoo mtamvumilia.

Narudi kwenye lile swali. Kila nikiweka video lazima mtu aandike: "Dada, si utukusanyie robota moja huko Uingereza, maana nguo huko wanazitoa bure?" Halafu juzi kuna mmoja kanikuta soko la Memorial, kanipiga picha, akaandika: "Wa Ulaya kaishiwa, anachambua na sisi." Najua nikijibu, nusu yenu mtasema najisifu, nusu mtasema nalia njaa ili msiniombe. Semeni tu.

Hili hapa. Koti la sufu, refu, linapita goti. Nimelitoa kwa mangi mmoja anayemwaga chini kwenye turubai. Alianza na 15,000, tukavutana, nikaondoka zangu, akaniita, nikalichukua kwa 8,000. Nafika nyumbani nalikung'uta, nakuta kikaratasi bado kinaning'inia karibu na kwapa kwa ule uzi wa plastiki. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Paundi 14. Hiyo ni bei ya duka la hisani la Uingereza, yale yanayouza nguo ambazo watu wamezitoa msaada. Paundi 14 ni elfu arobaini na kitu. Kule lilikosa mtu, likapanda meli, likashuka, likapanda lori mpaka Moshi, na bado nimelipata kwa hela ambayo nikiwa kwangu Leicester, Uingereza, hainipi kikombe cha kahawa.

Mama kalishika kwa vidole viwili, akasema enzi zao hizi waliziita kafa Ulaya. "Sasa hii kafa Ulaya unairudisha Ulaya?"

Ndiyo, nairudisha, maana ni nafuu huku. Lile duka la kule linalipa pango, umeme, na kupasha joto nusu mwaka. Kisichouzika wanakiuza kwa kilo kwa wafanyabiashara wenye maghala, wanachambua, wanafunga marobota, mengi ya kilo 45, ndiyo hayo yanayofunguliwa Memorial, na Kilombero kwa ndugu zangu wa Arusha. Mimi mwenye chumba kimoja cha kupanga nishindane na mtu mwenye ghala? Hata huo ubure wenyewe una fomu. Nilipopeleka nguo zangu niliulizwa kama nalipa kodi, nikajaza jina na anwani, kwa sababu zikiuzwa, kwa kila paundi duka linadai serikalini peni 25 ya kodi niliyolipa.

Na sio kwamba sijajaribu. Nilituma boksi moja tu, kilo 30. Nauli nililipa mimi. Mara cheti cha kupuliziwa dawa, mara ushuru wa forodha, mara VAT asilimia 18, mara aliyekuwa anafuatilia anataka ya soda, tena ya soda kila siku. Boksi limetoka, binti wa shangazi yangu kavaa jinzi, kaniandikia, "Zinabana." Basi. Neno moja. Asante sijaipata mpaka leo, na najua anaangalia hapa. Wale mnaonitumia ujumbe wa siri kuhusu nguo za ndani, jamani, hizo za mtumba zimepigwa marufuku kuingia nchini, msinitafutie kesi.

Kipindi hicho hicho nilikuwa natoka viza ya masomo kwenda ile ya miaka 2 baada ya kuhitimu. Ada ya afya peke yake ni paundi 1,035 kwa mwaka, na unalipa miaka yote kwa mpigo. 2,070, kabla hujaumwa hata mafua. Ada ya viza yenyewe iko pembeni. Zile picha za theluji mlizozipenda, koti lilikuwa na zipu mbovu, nimelifunga kwa pini. Pini haionekani kwa sababu nilisimama upande.

Sasa msininukuu, haya ni ya kwangu na mfuko wangu. Yale ya kuzungushia suruali shingoni kupima kiuno mnayajua, siwafundishi. Mimi Moshi sigusi majaketi mafupi mazito. Hayo yana wenyewe, wapagazi na waongozaji wa mlima, na muuzaji anajua hilo, hapungui kirahisi. Labda masika, wapanda mlima wakipungua. Nakimbilia makoti marefu ya sufu, kwa sababu hakuna anayepanda Kibo na koti la ofisini. Nalinyanyua juani kwanza. Sufu ikiliwa na nondo, mwanga unapita kama kwenye chekecheo. Hili lina vitundu viwili, hapa chini ya kola, nimevishona jana. Mwenzangu mwingine atasema bora jipya la dukani. Sawa, hela ni yake.

Jumapili naondoka. Begi lina mwisho wa kilo 23 na mama keshapakia mchele, dagaa na unga wa ulezi, kwa hiyo koti naenda nalo mwilini. Mkiniona uwanja wa ndege wa KIA jua linawaka na mimi nimevaa sufu mpaka gotini, msinipige picha. Au pigeni, ila na bei ionekane. Kikaratasi sikitoi.