Kabla ya Kupanda Nyasi: Funzo la Duisburg na Mto Emscher

Ndugu zangu wanafunzi, na nyinyi wazee wa mitaa mliojinyima Jumamosi yenu, shikamooni na karibuni. Nimeombwa nizungumzie ardhi ya mjini iliyoachwa na viwanda ikiwa na sumu, na kazi ya msanifu wa mandhari katika kuirudishia uhai. Nitakaa zaidi Duisburg, mji wa magharibi mwa Ujerumani, katika eneo la Ruhr, lililokuwa la migodi ya makaa ya mawe na viwanda.

Kitongoji cha Meiderich kilikuwa na kiwanda cha kuyeyusha chuma cha kampuni ya Thyssen. Kilianza kazi mwaka 1903, na tanuru la mwisho likazimwa 1985. Zilibaki kama hektari 180 za kutu, masizi na udongo ulioingiwa na lami ya makaa ya mawe. Palikuwa na mpango wa kubomoa kila kitu, wakazi wakakataa. Mwaka 1991 msanifu wa mandhari Peter Latz alishinda shindano la usanifu, na bustani ikafunguliwa 1994.

Latz hakufukuza sumu. Ukichimba udongo mchafu wote ukaupakia kwenye malori, umemhamishia jirani ugonjwa wako. Kifusi kibaya zaidi kilifungiwa ndani ya maghala ya zege yaliyokuwa ya kuhifadhia mawe ya chuma, na juu yake pakapandwa bustani. Kwingine udongo uliachwa mahali pake na mimea ikaachiwa ijiotee, huku watu wakipita kwenye njia zilizoinuliwa juu. Naupenda uamuzi huo kwa sababu ni mkweli: mtoto anayekulia pale anaona kilichotokea.

Lakini nataka mtazame maji. Katikati ya kiwanda ulipita mfereji wa Emscher ya Kale, yaani mkondo wa zamani wa mto Emscher, uliobeba majitaka wazi, yananuka. Majitaka yale yaliingizwa kwenye bomba kubwa la chini ya ardhi, kipenyo chake mita 3.5. Juu ya bomba likatandikwa tabaka la udongo wa mfinyanzi, na juu ya tabaka hilo ukatengenezwa mfereji mpya unaopokea maji ya mvua tu, yale yanayotoka kwenye mapaa na sakafu za kiwanda. Kinu cha upepo huyapandisha maji hayo, kisha huyaachia yaanguke ili yapate hewa. Kwa hiyo mtu akisimama ukingoni leo, maji mawili yanapita chini ya macho yake na hayakutani. Huo ndio usanifu. Maua yalikuja baadaye.

Mtauliza, kwa nini mabomba hayakuzikwa tangu zamani? Kwa sababu ya migodi. Makaa yalipochimbwa, ardhi ya juu ilititia, na bomba lolote lililozikwa lingepasuka. Ndiyo maana tangu mwanzo wa karne iliyopita mto Emscher wenyewe ulinyooshwa, ukasakafiwa kwa zege na kufanywa mtaro wa kinyesi wa mamilioni ya watu. Migodi ilipohamia kaskazini na ardhi kutulia, kazi ikawezekana. Ilianza 1992: bomba kuu la kilomita 51, mitambo ya kusafisha, zaidi ya euro bilioni 5. Mwisho wa 2021 mto uliacha kupokea majitaka. Takriban miaka 30, na hakuna waziri wala meya aliyeianza akaimaliza akiwa katika kiti kilekile. Walioiwezesha ni chama cha miji na viwanda vya bonde hilo, kilichoundwa 1899, ambapo anayechafua maji huchangia gharama.

Hapa kwetu Dar es Salaam, mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu, unapita kwenye viwanda na makazi, unafika Jangwani umebeba kila kitu. Sasa bonde lile linapangiwa bustani kubwa ya jiji, nami naitaka bustani hiyo kwa moyo wote. Ila nasema bila kuficha: pakipandwa nyasi ukingoni kabla majitaka hayajatengewa njia yake kule Vingunguti na juu zaidi, mafuriko ya kwanza yataileta sumu ileile juu ya nyasi, wanapocheza watoto.

Kwa hiyo mchoro ukiletwa mtaani, wazee wangu, msianze na picha za miti. Ulizeni mabomba yanapita wapi, udongo umepimwa kina gani, na nani atalipa matengenezo mwaka wa 15. Nanyi wanafunzi, mwende kwenye mkutano huo mkiwa na majibu.