Jinsi ya kutafuta na kuainisha viumbe wapya wa seli moja katika udongo na maji baridi

Ndugu mtazamaji, katika video hii nitakuonyesha namna ya kuchukua udongo mkavu wa kawaida, kuuamsha kwa maji, kuwatafuta ndani yake viumbe wa seli moja, kisha kufuata njia inayotakiwa na sayansi mpaka uweze kusema kwa haki kwamba mmoja wao hajawahi kuelezwa na mtu yeyote. Kuwaona ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kinachodai muda ni uthibitisho, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Nimechagua udongo kwa sababu bado una mengi yasiyojulikana. Mwaka 2002 Wilhelm Foissner, mtaalamu wa Austria, pamoja na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu siliati wa udongo wa Namibia, yaani viumbe wa seli moja wanaoogelea kwa vinyweleo vinavyoitwa silia, na kutoka katika sampuli zisizofika 100 walieleza zaidi ya spishi 100 mpya. Udongo wa Afrika Mashariki umechunguzwa kidogo mno ukilinganishwa na wa Ulaya, kwa hiyo mwanafunzi mwenye hadubini nzuri na subira ana nafasi ya kweli hapa.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Chagua eneo la takriban mita za mraba 100, uchote kidogo kidogo mahali kama kumi tofauti, ukichukua tabaka la juu lisilozidi sentimita tano pamoja na majani yaliyooza na mizizi midogo, kisha uchanganye vyote katika bahasha moja ya karatasi. Andika papo hapo tarehe, majira ya nukta ya eneo (latitudo na longitudo) kutoka katika simu yako, mwinuko na aina ya uoto, kwa kuwa sampuli isiyojulikana ilikotoka haiwezi kubeba jina la spishi mpya. Ikiwa kazi yako ni utafiti rasmi, uliza mapema kuhusu kibali. Tanzania suala hilo liko chini ya COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya liko chini ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu.

Ukifika nyumbani, tandaza udongo kivulini na uuache ukauke kabisa kwa muda wa mwezi mmoja. Wanaoanza hupenda kuruka sehemu hii, nami nakusihi usiiruke. Viumbe wengi wa udongo hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo sisti ukame unapoingia, na udongo uliokauka vizuri kisha ukaloweshwa huwafanya watoke kwa wingi, ilhali udongo mbichi huwa na hali fulani inayowazuia kuamka.

Hatua ya pili ni kulowesha. Kama unavyoona hapa, nimeweka gramu 50 za udongo katika sahani ya petri, unene wa sentimita moja hivi, na sasa naongeza maji yaliyokenekwa polepole kutoka pembeni. Udongo unapaswa kushiba bila kuzama: ukiinamisha sahani kwa nyuzi 45 na kubonyeza udongo kwa kidole taratibu, mililita chache za maji zikusanyike upande wa chini, basi. Ukiugeuza kuwa dimbwi, hewa itapungua na bakteria wa uozo watatawala. Funika, lakini weka kibanio kidogo kati ya sahani na kifuniko ili hewa ipite.

Chunguza maji hayo siku ya 2, ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Ratiba hii ina sababu yake. Siku za mwanzo utawaona hasa siliati wa jamii ya Colpoda, wenye umbo la figo, ambao huamka upesi, hula bakteria na kugawanyika haraka; ukiishia hapo utadhani udongo wote ni wao. Wanaokula siliati wenzao, pamoja na wale wanaoamka taratibu, hujitokeza baadaye, na mara nyingi kilicho adimu hupatikana humo.

Kwa maji baridi, yaani ya mabwawa, mito na maziwa, njia ni fupi zaidi. Kamua kuvumwani na majani yaliyozama ndani ya chupa, chota tope jepesi la juu kabisa, au ning'iniza slaidi safi za kioo majini kwa wiki moja ili viumbe wanaopenda kujishikiza waote juu yake. Usiingie majini bila mabuti marefu na glavu za mpira, kwani kichocho kiko katika maziwa na mabwawa yetu mengi. Tofauti na udongo, maji haya hayasubiri: yatazame siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu ni kutazama kiumbe akiwa hai. Weka tone kwenye slaidi, paka mafuta mazito kidogo sana kwenye pembe nne za kioo cha kufunikia, kisha ukifunike na kukibonyeza kwa ncha ya sindano mpaka kiumbe ashikiliwe bila kupasuka. Anza na lenzi ya mara 10, kisha nenda ya 40, na mwisho ile ya 100 yenye mafuta. Tazama umbo la mwili, mahali mdomo ulipo, safu ngapi za silia zinapita kutoka mbele hadi nyuma, na ile vakuoli inayojaza maji na kuyatoa kwa mapigo iko upande gani. Piga video, na uchore pia kwa mkono, kwa sababu mchoro hukulazimisha kuamua kila mstari unakoanzia na unakoishia.

Ukimwua mmoja kwa tone la rangi ya kijani ya methili, viini vyake vitajitokeza. Siliati huwa na kiini kikubwa na kiini kidogo, na umbo la kile kikubwa husaidia sana kutenganisha spishi. Safu za silia huonekana barabara zaidi baada ya kupakwa chumvi za fedha kwa utaratibu wa maabara; kwa kazi hiyo tafuta chuo cha karibu. Pima viumbe wasiopungua 20 wa aina hiyo, kwani mmoja aliye mkubwa kupita wenzake huenda ameshiba tu.

Hatua ya nne ni kulinganisha, na hapa ndipo madai mengi ya ugunduzi huporomoka. Kwanza tambua kundi kubwa. Vitabu vya sekondari huwaweka wote katika himaya ya Protoctista, lakini uainishaji wa sasa hufuata ukoo: siliati wako katika kundi la Alveolata pamoja na vimelea vya malaria, wote wakiwa na vifuko vidogo chini ya utando wa seli, ilhali amiba wengi wenye ganda wako mbali nao kabisa. Kutoka hapo shuka hadi jenasi, kisha soma maelezo ya kila spishi ya jenasi hiyo, hata yale ya karne ya 19.

Baada ya hapo chukua seli moja kwa pipeti nyembamba, uisafishe katika matone kadhaa ya maji safi, na maabara isome jeni yake ya 18S, inayotumika kulinganisha nasaba, yenye herufi takriban 1,800. Jeni isiyofanana na yoyote katika hifadhidata haitoshi peke yake, kwa kuwa spishi nyingi zilizoelezwa zamani hazijasomwa jeni hata leo. Hata hivyo, nguvu yake ni kubwa. Hemimastigofora, viumbe wa seli moja wenye safu mbili za flajela (mikia ya kuogelea), walipewa kundi lao mwaka 1988 kwa kutazamwa tu, na hakuna aliyejua nasaba yao. Kisha Yana Eglit, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, akachota udongo kidogo akiwa matembezini Nova Scotia na kuulowesha maabara. Mwaka 2018 yeye na wenzake walionyesha kwamba viumbe hao hawamo katika kundi kuu lolote lililojulikana. Spishi mpya waliiita Hemimastix kukwesjijk, kwa jina la zimwi lenye manyoya katika masimulizi ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa eneo hilo.

Hatua ya mwisho ni jina. Siliati hufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, na mwani hufuata zile za mwani, kuvu na mimea. Chapisha maelezo, vipimo, picha na tofauti kati ya kiumbe wako na ndugu zake wa karibu, sajili jina katika ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, ikiwa jarida ni la kielektroniki, na ukabidhi slaidi za kielelezo kwenye jumba la makumbusho. Udongo uliobaki uufunge ukiwa mkavu, uuandike lebo na kuuhifadhi, kwa sababu sisti huweza kuishi miaka mingi, na mtafiti atakayetilia shaka maelezo yako ataweza kuulowesha upya na kumtazama kiumbe mwenyewe.